Siku Niliyojificha Ndani ya Roketi ya Kilosa

Aibu nyingine mtu huipata, akalala, akaamka imepungua. Hii yangu haijapungua hata kidogo, na ndiyo maana mpaka leo mvua ikianza kunguruma natazama mlango kwanza kabla sijatazama mawingu, na watu wa Ruhembe wenye umri wangu wakiniona nageuza shingo hivyo huanza kucheka kabla hata hatujasalimiana. Wanacheka kwa haki. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe, maana wakisimulia wao hutia chumvi, na chakula hiki kilikuwa na chumvi ya kutosha tangu jikoni.

Zamani hizo nilikuwa fundi wa matairi pale Mikumi, kando ya barabara kuu (fundi ni kusema tu, kazi yangu hasa ilikuwa kulipiga tairi la lori nyundo mpaka liachie ringi, halafu kujitenga kidogo kabla dereva hajakagua), kijana wa milimani niliyeshuka kutafuta maisha, na miaka yenyewe ni ile ya vijiji vya ujamaa, shamba la pamoja, balozi wa nyumba kumi, na redio ya mwenye duka iliyokuwa imekwisha kututangazia kwamba kuna watu walikwenda mwezini wakatembea na wakarudi. Bibi yangu alilikataa jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Alisema kama wangekwenda kweli wangerudi na kitu cha maana, maana hakuna mtu anayetoka ugenini na mawe.

Nilikuwa na mchumba, Foibe, binti wa Ruhembe kule kwenye miwa, na ninyi mlioolewa na kuoa kwa kupendana mnaelewa nikisema nilikuwa sili vizuri nisipomwona. Baba yake, Mzee Lazaro, hakunitaka. Jicho lake lilikuwa kwa dereva mmoja wa lori la miwa pale Kidodi, mtu mzima mwenye viatu vya kung'aa, na mimi mikono yangu ilinuka mpira hata Jumapili kanisani. Kilichoniokoa ni kwamba Foibe alinitaka na mama yake hakukataa, kwa hiyo posa ikapokelewa kwa shingo upande na kwa masharti: mpaka siku ya ndoa nitakuwa nakwenda kila Jumamosi kulima shamba lao, kama mila inavyotaka, na nitashika heshima ya ukwe bila doa. Mzee Lazaro alimwambia mshenga wangu kwamba kosa moja tu litatosha, siku hiyo jembe langu litarudishwa Mikumi, na jembe la mchumba likirudishwa hakuna tena mazungumzo.

Sasa heshima yenyewe ya ukwe, kwa wasioijua. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Si kwamba wanachukiana, la, wanaheshimiana mno. Hamtazamani usoni, hamkai chini ya paa moja, hamtajani majina, hamli mbele ya macho ya mwenzenu, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini anageuka mgongo mpaka mwenzake apite. Shikamoo unaitoa kutoka mbali ukiitazama migomba, na marahaba inakuja kutoka nyuma ya uzio wa matete. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Kwa sababu hiyo mama yake Foibe nilikuwa namjua kwa mgongo tu, na mgongo wake niliujua vizuri: mpana, umeinama kidogo kushoto, na kanga ya bluu yenye maua makubwa aliyokuwa akiivaa kila safari. Uso wake sikuwahi kuuona na nilitarajia kuzeeka bila kuuona.

Basi ikaja habari kwamba wageni wa nchi ya mbali (nchi gani wazee wanabishana mpaka leo) wanapita na treni wakionyesha maroketi ya zamani, na kwamba wameyapanga uwanja wa mpira wa Kilosa, karibu na stesheni, kila mtu aone. Mengine yalisemwa ni ya kweli kabisa, yalikwenda juu yakarudi, mengine ni mfano wake tu. Mwenzangu wa kazini, Sadoki, alinijia Ijumaa akasema kesho ndiyo mwisho, na kuna lori linaondoka asubuhi kwenda Kilosa, na dereva wake tunamdai hisani. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kulima. Nikafikiri kidogo, kidogo sana, halafu nikampa ujumbe kondakta mmoja aliyekuwa anaelekea Kidodi, kwamba awapitishie wakwe zangu Ruhembe habari kuwa homa imenilaza.

Ndiyo hiyo tu. Uamuzi wenyewe haukuchukua hata muda wa kujaza upepo.

Njiani sikuwa na raha. Bibi alitulea kwa hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu, na alikuwa na maelezo kamili: mumiani hakukimbizi, anakukaribisha. Anakupa kiti kizuri, kiti ambacho hujawahi kukalia, anakufunga mkanda akisema ni kwa usalama wako, mlango unafungwa, taa nyekundu inawaka, unasikia mngurumo chini ya miguu, na baada ya hapo nduguzo wanaambiwa ulisafiri. Humo ndani ya lori wazee wawili walikuwa wanazungumza, na mmoja alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya mahindi kwamba chuma kikubwa namna ile hakiwezi kupanda mbinguni kwa petroli, lazima kuna kitu kingine wanatia. Sadoki alicheka. Mimi nilicheka pia, ila nilichelewa kidogo.

Tulipofika uwanjani nikasahau kulima, nikasahau homa yangu ya uongo, nikasimama. Moja lilikuwa limesimama wima, limefungwa kwa waya nne, refu kupita mnara wa kanisa letu la mlimani, jeupe, na upepo ukipita waya zinalia taratibu. Karibu yake palikuwa na kichwa cha jingine, kilichokwenda juu kweli na kuanguka, kimeungua kimekuwa cheusi kama sufuria ya wali iliyosahauliwa motoni. Nilikigusa. Kilikuwa cha baridi ingawa jua lilikuwa kali, na nywele za mkono zikanisimama. Wafugaji watatu wenye mashuka walikuwa wamesimama mbali nalo, fimbo mabegani, wakilitazama, na nikaona hao ndio wenye akili uwanja mzima.

Kubwa zaidi lilikuwa limelazwa juu ya magogo, mfano wa lile la mwezini, bomba la bati ambalo mtu anaingia akatembea kwa kuinama. Lilikuwa na mlango mkiani na mlango mwingine mdogo kichwani. Watu walikuwa wanaingizwa wawili wawili, milango inafungwa, jenereta inanguruma, baada ya muda wanatoka wakipepesuka, na uwanja mzima unapiga makofi. Msimamizi alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye suruali ya bugaluu, iliyopanuka miguuni, na spika ya kupazia sauti, anaeleza mambo kwa Kiswahili cha mjini, wageni wenyewe wameketi kivulini wanavuta sigara. Alieleza mengi kuhusu kilichomo ndani ya lile bomba. Mimi sikusikiliza, kwa sababu wakati ule ule, kando ya mwanamke aliyekuwa anauza maandazi, niliuona mgongo.

Mgongo mpana. Umeinama kidogo kushoto. Kanga ya bluu, maua makubwa.

Nilihisi damu yote imeshuka miguuni bila msaada wa mumiani. Mama mkwe wangu alitakiwa awe Ruhembe anasikitikia homa yangu, na hapa yupo Kilosa, na mimi mgonjwa mahututi nimesimama na andazi mkononi. Akageuka. Sikuona uso (nilikuwa nimekwisha kufumba macho, mila ni mila hata mbele ya kifo), nikajitupa nyuma ya lile roketi la wima. Nikangoja. Nikachungulia upande wa kushoto, nikaona ncha ya kanga ya bluu inazunguka. Nikaenda kulia, kanga ikatokea kulia. Nikarudi kushoto nikikimbia kwa kuinama, na kule mbele yangu kanga inapepea inaishilia nyuma ya chuma. Hapo nikaelewa kwamba ananitafuta. Amekwisha niona, ameghadhibika kiasi cha kuvunja heshima, anataka kunikamata mbele ya halaiki, na Foibe wangu atapanda lori la miwa akiwa bibi harusi wa mwenye viatu.

Nikatoka mbio. Sikumwona Sadoki, sikumwona mtu. Nilichokiona ni mlango wa mkiani wa lile bomba lililolazwa, uko wazi, kuna giza zuri ndani, na yule kijana wa bugaluu yuko upande wa pili anaongea. Nikapanda ngazi nikazama humo kama panya.

Ndani palinuka rangi na mafuta. Nilitambaa mpaka mbele kabisa, mahali palipopanuka kidogo, nikapapasa nikakuta kiti. Kiti laini, cha ngozi, ambacho sijawahi kukalia. Nikakaa. Mkono ukagusa mkanda. Nikasema moyoni, Nehemia, huu mkanda umeusikia wapi? Kabla sijajijibu mlango wa mkiani ukafungwa kwa kishindo, na ule mdogo wa mbele nao ukafungwa, nikasikia komeo likipita.

Taa nyekundu ikawaka.

Nataka mnielewe. Nimewahi kukutana na tembo njiani, saa ya kwenda kazini, nimewahi kuona lori la mizigo likinijia bila breki. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ile taa. Kila kitu kilikuwa kama bibi alivyosema, kwa mpangilio ule ule, na kilichobaki kilikuwa mngurumo. Ndipo nikasikia kitu ambacho bibi hakukisema: mtu anapumua. Si mimi. Ni hapo pembeni yangu, karibu kabisa, kwenye kiti cha pili, pumzi nzito za haraka, na mimi sikuthubutu kugeuza shingo.

Kutoka nje sauti kubwa ikaanza kuhesabu. Kumi. Tisa. Nane. Watu uwanja mzima wakahesabu pamoja naye, kwa furaha, kama watu wanaomsindikiza mtu wasiyemjua. Nikaupiga ukuta kwa ngumi. Ilipofika moja ngurumo ikapasuka chini ya miguu yetu, sakafu ikatikisika, meno yangu yakagongana, na ile sauti ya nje ikatangaza taratibu, kila neno likisikika, "Ndugu wananchi, hawa wawili sasa wameondoka duniani."

Nikapiga ukelele. Na hapa ndipo nilipokaribia kufa kweli, kwa sababu nilipolia "Mama yangu nakufa," sauti nyingine kubwa mara kumi, huko nje mawinguni, ikalia "Mama yangu nakufa," kwa sauti yangu mwenyewe. Nikanyamaza, ikanyamaza. Nikasema "Yesu," ikasema "Yesu." Nikajua kwamba roho yangu imekwisha tolewa na sasa inaning'inia juu ya Kilosa inaniigiza.

Halafu yule wa kiti cha pili akasema, kwa sauti ndogo inayotetemeka, "Ni Nehemia huyo?"

Sauti ile niliifahamu. Niliijua kutoka nyuma ya uzio wa matete, Jumamosi zote zile, ikisema marahaba. Alikuwa amelitaja jina langu, jambo ambalo hakupaswa kulifanya maisha yake yote, na mimi badala ya kushtuka nilifarijika kama mtoto aliyeokotwa sokoni.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikuwa nakukimbia."

"Na mimi nilikuwa nakukimbia wewe," akasema. "Kila nikizunguka nakuona. Nikaingia humu nijifiche ili usinione."

Huko juu mawinguni zile sauti zilirudia yote, yake na yangu, na baada yake nikasikia mamia ya watu wanacheka, nikadhani ni mashetani wanatupokea. Ngurumo ikazidi. Kitu kikaanguka kikanigonga kichwani (lilikuwa andazi langu mwenyewe, lilirushwa na mtikisiko, lakini wakati huo sikulijua). Nikaona nisife na uongo mdomoni.

"Mama, nisamehe. Homa sina. Nilisema uongo nije kuona roketi."

"Hata mimi jino haliniumi," akasema. "Nimemwambia baba yake Foibe nakuja hospitali."

Sakafu ikaruka tena, taa nyekundu ikazimika, giza likawa tupu. Akalia, si kwa kelele, kilio kile cha mtu mzima ambaye hana tena wa kumlilia. Halafu akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo. "Nishike mkono, mwanangu. Kama ni kwenda, twende wote, mtu asiende peke yake."

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa mgumu wa jembe na ulikuwa na jasho, na niliukamata kwa mikono yangu miwili, nikaufumbatia kifuani, na sikukumbuka mila, wala jembe, wala Mzee Lazaro. Nilikumbuka tu kwamba siko peke yangu.

Basi ngurumo ikakatika ghafla, kama mtu anavyozima redio, na kweli mtu alikuwa amezima, maana ilikuwa kanda tu inapigwa kwenye spika zilizowekwa chini ya sakafu. Milango ikafunguliwa. Jua likatumwagikia. Tukatoka kwa mlango ule mdogo wa mbele, tumeshikana mikono, mimi machozi mpaka kidevuni na lapa moja mguuni, yeye kanga imemtoka kichwani, tukasimama juu ya ngazi mbele ya Kilosa nzima. Ndipo nikamwona kijana wa bugaluu amejikunja anacheka hawezi kusema, na kando yake ile spika kubwa, na waya wake unaingia ndani ya roketi. Ndicho alichokuwa anawaeleza watu wakati mimi nauangalia mgongo: ndani kuna kinasa sauti, ili wanaosafiri wawasalimie waliobaki duniani.

Ningeweza kuvumilia kicheko. Lakini mbele kabisa ya umati walisimama wanawake wa Ruhembe waliokuja kwa treni, na katikati yao dada yake Mzee Lazaro, shangazi yake Foibe, na yeye peke yake uwanja mzima alikuwa hacheki. Alikuwa anaitazama mikono yetu. Mama mkwe akauachia mkono wangu kama ameshika kaa la moto, akajifunika kanga uso wote, akashuka akaelekea stesheni bila kugeuka. Nikauona mgongo wake unakwenda, na nikajua nimempoteza Foibe.

Siku zilizofuata sizipendi kuzisimulia. Kila lori lililosimama gereji likitokea upande wa Kidodi nilikuwa nachungulia nyuma yake nikiwa na nyundo mkononi, naogopa. Madereva walinisalimia kwa kuhesabu, kumi, tisa, nane, na mimi nilicheka nao huku jicho liko barabarani. Kisha lori moja la miwa likasimama, utingo akashuka bila mzaha wowote akaliweka jembe langu mlangoni, limeoshwa udongo wote, linang'aa. Aliniambia tu kwamba ametumwa. Jembe chafu mtu amelisahau, jembe lililooshwa amerudishiwa, na mimi nilikaa chini kando yake nikalia bila kinasa sauti.

Foibe ndiye aliyekataa. Alimfuata mjomba wake mlimani, kaka mkubwa wa mama yake, na kwetu mnajua mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, neno la mjomba likitoka hakuna wa kulipita. Mjomba akashuka Ruhembe, akaagiza niitwe na mshenga wangu, kikao kikakaa uani mchana mweupe. Niliketi kwenye kigoda nimeupa mlango wa jikoni mgongo, kwa sababu mama mkwe alikuwa humo ndani, nyuma ya mlango, na Foibe pamoja naye. Mle uani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyehesabu kumi, tisa, nane.

Mzee Lazaro alizungumza kwanza, na hakutukana, na hilo likaniogopesha zaidi. Alisema uongo wa homa angeweza kuumeza, na uongo wa jino atauzungumza na mwenyewe chumbani. Lakini kijana huyu amekaa na mama mkwe wake chumba kimoja, mlango umefungwa, jina lake limetajwa, wameshikana mikono. "Na dunia nzima imesikia," akamalizia.

Mjomba alikuwa mzee mkavu, mwalimu wa kanisa aliyestaafu, mwenye tabia ya kufuta miwani yake wakati wengine wanangoja. Akaifuta. Akamgeukia shangazi. "Wewe ulikuwapo. Yule kijana mwenye spika alisemaje walipofungiwa?"

Shangazi hakupenda swali hilo, lakini ni mtu wa kweli. Akasema alitangaza kwamba hawa wawili wameondoka duniani.

"Wewe umesikia kwa masikio yako?"

"Kilosa nzima imesikia."

"Basi," akasema mjomba, akavaa miwani. "Heshima ya ukwe tumeachiwa na wazee tuishike hapa duniani. Mambo ya huko kwingine hawakutuachia neno, na mimi siwezi kuwatungia."

Mtu mmoja akakohoa, mwingine akainamisha kichwa mabega yakimtikisika, na nyuma yangu, jikoni, nikasikia kicheko cha Foibe, ameziba mdomo lakini amechelewa. Mzee Lazaro alimtazama shemeji yake muda mrefu sana. Mimi nilianza kupumua. Nilipumua mapema.

"Lakini wewe kijana," mjomba akasema, na sauti yake haikuwa tena na mzaha. "Ulipofika pale mlangoni bado ulikuwa duniani. Ulipiga hodi?"

Nikatazama chini. Kila mtoto wa kwetu anajua, hata kabla hajajua kutembea vizuri, kwamba huingii mahali penye giza, penye mlango, pa mtu mwingine, bila kupiga hodi. Nikasema sikupiga.

"Ungepiga, mama yako angeitikia, ungeijua sauti yake, ungeondoka zako, na leo sisi tungekuwa shambani. Hukuvunja ukwe. Ulivunja hodi. Utaleta mbuzi, na jembe lako lirudi shambani likachafuke."

Nikaleta mbuzi, jembe likachafuka, na Foibe nikamwoa, na yule dereva wa lori la miwa alitubeba bure siku ya harusi akihesabu kumi, tisa, nane njia nzima mpaka kanisani. Mama mkwe alirudi nyuma ya uzio wake wa matete, na heshima tuliishika yeye na mimi mpaka mwisho, bila doa, miaka yote. Uso wake niliouona kwenye ngazi za roketi, umelowa machozi, sikuuona tena. Kitu kimoja tu kilibaki. Kila mvua iliponguruma nikiwa Ruhembe, kutoka upande wa pili wa uzio ilikuja sauti ndogo, haimsemeshi mtu, inaisemesha hewa, inauliza, "Yupo?" Na mimi niliiambia hewa, "Yupo, mama," na tukaendelea na kazi zetu.

Tumekwisha mzika. Ngurumo ikipiga bado natazama mlango, ndiyo hiyo wanayonicheka. Na mkinikuta nabisha hodi kwenye kibanda kitupu, au kwenye choo kilicho wazi, au kwenye lori lililokwisha toka tairi zote, msidhani nimezeeka vibaya, niliapa pale kwenye kigoda kwamba siingii tena mahali kimyakimya, hata niwe nakimbizwa na simba. Hata siku nitakapomfuata mama huko alikotangulia, nitasimama mlangoni kwanza, nipige hodi, ningoje aitikie.